Kanuni Mpya za Mvushaji

"Mmemuua mganga wangu," alisema mzee Methusela, akakibwaga kitabu cha bluu mezani. "Miaka miwili anamponya kila anayeanguka. Leo ukurasa wa nane unasema mtu mmoja kwa siku. Si bora mngempa kibanda akauze aspirini?"

Wenzake walicheka. Domisiana naye alicheka, ila macho yake yalikuwa yamenasa kwenye ukurasa wa tatu.

Walikuwa wanne katika kibanda cha kituo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, saa tisa alasiri, mwaka ule malori ya kurudi Burundi yalipoanza kupita kila Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu Priscila, mwenyeji wa kijiji jirani cha Keza, ndiye aliyeuongoza mchezo. Uliitwa Vuka, na haukuwa na ubao. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni, mwenye kazi yake na nguvu zake, na Priscila alisimulia njia: mto umefurika, moto umeshika nyasi, chui yuko kichakani. Mchezaji alisema mtu wake anafanya nini, akarusha dadu mbili za mbao, na dadu zikakata shauri. Kanuni zilikuwa kwenye kitabu cha manjano, ambacho kwa kushikwashikwa kilikuwa kimebaki bila jalada. Sasa watu wa ofisi ya mjini walikuwa wameleta kingine, cha bluu, kinachonukia wino.

Methusela, katekista wa zamani, alicheza mganga. Alikuwa mbishi wa kanuni kupita wote. Angeweza kusimamisha mchezo nusu saa kwa ajili ya koma moja. Bukuru, kijana mfyatua matofali, alicheza mwindaji. Domisiana, ambaye kutwa alizunguka kwenye mabloku ya kambi akiwatilia watu viraka kwenye maturubai ya paa, alicheza mvushaji aitwaye Kazimili, dume la mtu, mwenye mtumbwi na asiyeijua hofu. Tusimcheke. Mtu anayeshtuka hata mlango wa jirani ukigongwa ana haki ya kuwa Kazimili kwa saa mbili kila Jumatano.

Kitabu cha manjano kilisema kwamba mtumbwi ukishikwa na mvushaji hauzami. Basi. Kwa miaka miwili Kazimili alikuwa hajapoteza abiria hata mmoja. Kitabu cha bluu kilisema kila kivuko kirushiwe dadu, na zikitoka chini ya tisa, mtumbwi unapinduka na abiria mmoja anakufa. Lakini hilo Domisiana angelimeza. Lililomkaa kooni lilikuwa ukurasa wa tatu, unaoitwa Ukurasa wa Mtu. Zamani waliandika jina na kazi tu. Sasa palikuwa na mistari miwili zaidi: *Kilima alichozaliwa. Aliowaacha nyuma.* Na chini yake: mchezaji akisimulia jambo moja la kilimani kwake, nao walio mezani wakalikubali, anaongezewa mbili kwenye dadu zake.

Bukuru aliigusa karatasi kwa ncha ya kidole, akauliza inapelekwa wapi ikishajazwa. Priscila alisema inabaki kabatini, na ufunguo anao yeye. Bukuru alisema kwenye bloku lao watu waliandika majina ili wapewe sabuni, na sasa inasemekana majina yale yale yako kwenye orodha ya malori. Priscila alisema huo ni uvumi, na kwamba huu ni mchezo, na hicho kilima ni cha mtu wa kubuni.

"Mwalimu," Bukuru alisema polepole, "sisi hapa, tukiambiwa tuandike kilima, tunaandika kimoja tu tunachokijua."

Nje watu walipita na magunia matupu, kwa maana mgao ulikuwa umepunguzwa tena wiki ile, na kila mmoja alijua maana ya mgao kupunguzwa: wanasukumwa warudi. Hatimaye Methusela alisema waandike kwa penseli, na jioni wafute. Waliafikiana hivyo.

Domisiana aliandika *Kirwati*. Aliliandika bila kusita, kwa sababu uongo huo aliuzoea. Alipoingia kambini, miaka tisa nyuma, alisimama kwenye foleni ya kuandikishwa nyuma ya mwanamke mgonjwa, akasikia mwanamke yule akimtajia karani kilima chake, na zamu yake ilipofika akakitaja hicho hicho. Yule mwanamke alifariki kabla ya mvua za kwanza. Kirwati kikabaki kwenye kadi ya chakula ya Domisiana, na yeye hajakitia mguu hata siku moja.

Kilima chake hasa kilikuwa Nyamuhoro, kando ya mto Ruvubu. Baba yake alikuwa mvushaji wa kweli. Na kaka yake alikuwa askari wa jeshi lile lililochoma vilima na kuwafukuza watu hawa wote, hawa anaoshonea paa zao, wanaompa kikombe cha maharage akimaliza. Siku wakijua hilo, nani atamlinda? Mwanamume mmoja wa bloku la mbali aliwahi kutambuliwa namna hiyo. Asubuhi kibanda chake kilikuwa wazi, sufuria iko mekoni, mwenyewe hayupo. Domisiana aliiona sufuria ile kwa macho yake.

Mchezo ulianza vibaya. Mwindaji wa Bukuru, ambaye kwa kanuni mpya alikuwa na mkuki mmoja badala ya mitatu, alijeruhiwa na nyati mapema kabisa. Mganga alikuwa ameshamtibu mgonjwa wake mmoja wa siku, akakaa kama mtu aliyefungwa mikono. Methusela alinung'unika kwamba aliyeandika kitabu hiki hajawahi kuumwa. Kisha Priscila akawafikisha mtoni. Maji yamejaa, alisimulia, ng'ambo kuna tabibu, na mwindaji anavuja damu.

"Kazimili, dadu," alisema.

Domisiana alizichukua. Tisa. Kupata tisa kwa dadu mbili si mchezo. Bukuru alimtazama, na kijana yule mkubwa wa mabega alikuwa ameingiwa na hofu kweli, maana mwindaji yule alikuwa amempa jina la marehemu mdogo wake, na wote walilijua hilo ingawa hakuna aliyelisema.

"Mama, sema kitu cha kwenu," alimwomba. "Chochote. Uongezewe mbili."

Angeweza kusema mvua hunyesha, ndizi huiva. Alikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Lakini alikuwa ameshika dadu, mtumbwi umeshajaa, na Kazimili ndiye aliyekuwa anaongea, na Kazimili haogopi.

"Kwetu," alisema, "kabla ya kusukuma mtumbwi, mvushaji anampa kila abiria punje moja ya mtama. Unaiweka chini ya ulimi. Husemi neno mpaka ng'ambo, wala mtoto halii, maana anayeongea anauyumbisha mtumbwi. Mkifika unaitema ardhini. Pale gatini kwetu mtama unaota ambao hakuna aliyeupanda."

Alipomaliza alisikia alichosema. Ilikuwa desturi ya mtumbwi wa baba yake, si ya Kirwati.

Bukuru alikunja uso. "Lakini Kirwati si kule juu, kukavu? Shangazi yangu aliolewa karibu na huko. Mto uko wapi?"

Domisiana alimgeukia Methusela, kwa kuwa ubishi wote wa meza ile ulikuwa mali ya Methusela, na alijua sasa mzee atachomoa kitabu, atauliza kivuko, atauliza gati, ataufungua uongo wake mshono kwa mshono. Mzee hakugusa kitabu. Alikuwa anamwangalia yeye, mdomo umefungwa, shavu likicheza kidogo, na mtazamo ule ulimwogopesha kuliko swali.

"Kitabu kinasema tukikubali, imekubaliwa," Methusela alisema mwishowe. "Mimi nimekubali. Rusha."

Dadu zilitoka saba. Kwa mbili za nyongeza zilikuwa tisa. Mwindaji akavuka, Bukuru akajifuta jasho, na Priscila akaendelea kusimulia, lakini Domisiana hakusikia tena kitu. Walipofuta karatasi zao aliifuta yake mpaka ikatoboka.

Mlangoni mzee alimngoja. Hakuna kilichokuwa kwenye sauti yake, si hasira wala upole. "Shitingi yangu ya paa inavuja, mama Domisiana. Kesho asubuhi uje."

Usiku mzima alikaa roho juu. Akifunga virago, aende wapi? Malori yanarudisha watu vilimani, na huko ndiko anakojulikana zaidi. Akikimbilia kijiji cha Bukiriro kulima kibarua, atakamatwa hana kibali. Na asipoenda kwa mzee, atakuwa amejibu swali kabla ya kuulizwa. Kulipokucha alichukua vifaa vyake akaenda, kwa sababu hakuona njia nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Methusela aliishi peke yake ukingoni mwa bloku la mwisho, ambako hata mtu akipiga kelele wanaomsikia ni mbuzi tu. Alikuwa ameketi kwenye tofali, fimbo magotini. Hakumkaribisha kukaa. Alianza kusema bila kumtazama, kama anayesoma.

"Punje ile nimeiweka chini ya ulimi mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kuoa. Mvushaji wa Nyamuhoro hakunitoza kitu, alisema bwana harusi hatozwi. Mara ya pili nilikuwa na mke wangu, tunakimbia. Tulifika ng'ambo tukakuta askari. Hakuna aliyetema punje yake, mama. Mke wangu alikufa nayo kinywani." Alizungusha fimbo magotini. "Mwenye amri alikuwa kijana wa mvushaji. Nilimjua kwa meno yake ya mbele. Yana pengo."

Domisiana alijua pengo lile. Alikuwepo siku kaka yake alipoanguka kwenye ukingo wa mtumbwi wakiwa watoto, akacheka huku damu inamtoka. Miguu ilitaka kukimbia, na yeye aliiona kabisa njia, kati ya kibanda na mti wa mkaratusi, mpaka barabarani.

"Wewe uliisimulia kama mwenye mtumbwi, si kama abiria. Ni kaka yako," mzee alisema.

Miaka tisa alikuwa hajasema ukweli hata mmoja juu ya kwao, na sasa neno dogo kabisa lilikuwa zito kulitoa. "Ndiyo," alisema.

Methusela aliinua uso, akaangalia mawingu yaliyokuwa yanapanda kutoka upande wa Burundi. Kisha akajiinua kwa fimbo yake.

"Panda," alisema. "Mvua inakuja."

Turubai likiwa juu ya paa halishonwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje na kuichoma sindano kwenda ndani. Mwingine yuko ndani gizani, anaivuta, anaichoma kuirudisha. Aliye nje haoni chochote isipokuwa plastiki, na mkono wake lazima auweke tambarare hapo hapo inapotokea ncha, ili kukibana kiraka. Mzee aliingia. Domisiana alipanda kwenye matofali, akalaza kifua juu ya paa, akatia kiraka mahali pake. Sindano ya magunia ni ndefu kama kidole cha kati.

Aliichoma. Ikavutwa, uzi ukakaza, ikarudi karibu na kidole gumba chake, taratibu. Akaichoma tena. Ikarudi. Hawakusemezana. Tone la kwanza lilianguka juu ya turubai, na la pili mgongoni mwake, na wingu lilikuwa limeshafika juu ya mabloku yote.

Upande wa tatu wa kiraka aliichoma, ikaondoka mkononi mwake. Uzi ulinyooka, ukalegea, na sindano haikurudi. Chini ya plastiki hakukuwa na sauti yoyote, hata ya pumzi. Domisiana aliuacha mkono wake pale pale inapotokea ncha, umefunguka, akangoja.