Kadi Haionekani

Uongo wa kwanza Siamanta aliomwambia nesi ulikuwa neno moja tu: "Zote."

Nesi Paulina wa zahanati alikuwa amemuuliza kama mtoto amepata chanjo zote. Lemayian, mwanawe wa miaka minne, alikanyaga msumari zizini siku nane nyuma, kidonda kikajifunga chenyewe. Tangu jana hataki kula, na akicheka hacheki vizuri, midomo inavutika tu pembeni.

"Kadi yake ya kliniki iko wapi, mama Lemayian?"

"Imebaki nyumbani."

Haikubaki. Aliichoma jikoni mwaka juzi. Mtoto akiwa bado mchanga walihama na ng'ombe kwa kiangazi, tarehe za chanjo zikapita, na kila alipowaza kurudi kliniki aliwaza jinsi atakavyosemwa mbele ya wanawake wenzake. Akaona bora kadi isiwepo kabisa. Mama unayesoma haya, usicheke. Aibu hiyo tunaijua wengi.

"Si neno," nesi akasema. "Chanjo zote zimeandikwa kwenye mtandao, tutaziona kwenye kompyuta. Kama amechanjwa, hii ni meno au mafindofindo. Kama hajachanjwa, naogopa pepopunda, na dawa yake iko hospitali ya Korogwe." Akamgeukia dereva aliyesimama mlangoni. Gari la wagonjwa lilikuwa nje, ndani ameshalazwa mama mjamzito. "Nipe dakika chache, Yordani."

"Chache ngapi? Uchungu wa yule mama hausubiri kompyuta yako."

Kwenye kompyuta alikuwepo Twaha, fundi kutoka Kwamndolwa, aliyeitwa tangu asubuhi.

"Shikamoo mama. Tuvumilie kidogo, kadi haionekani."

Moyo ulimruka Siamanta. "Nani kakwambia?"

Twaha akacheka. "Mashine yenyewe. Kadi ya mtandao, mama, kile kipande kinachopokea waya wa intaneti. Hii ni kompyuta ya Linux, unaiuliza kwa kuandika, inakutajia vifaa vyake kimoja kimoja. Vyote imevitaja. Kadi haimo, utadhani haijawahi kuwekwa."

Siamanta akashusha pumzi. Akajikuta anamwomba Mungu kadi ile isionekane.

Nesi akatoka kumwangalia mjamzito. Twaha akachomoa waya, akaupachika kwenye kompyuta yake ndogo aliyoitoa mkobani, taa ya kijani ikawaka. Waya mzima. Akaizima ile kubwa na kuiwasha, akawahi kubonyeza kabla haijaamka, akaingia kwenye mipangilio yake ya ndani kuona kama kuna mtu aliyeizima kadi. Haikuzimwa. Akaandika tena kwenye kioo cheusi. Haimo.

"Itukane kidogo," Yordani akasema. "Labda itasikia."

"Kwani gari lako likigoma unalitukana?"

"Kila siku. Na linawaka."

Siamanta hakuwasikia. Alikuwa anamnywesha mtoto maji, na maji yote yalimwagikia kifuani. "Fungua mdomo, baba." Lemayian hakufungua. Alimwangalia mama yake kwa macho tu, meno yamebanana.

Twaha akachomoa umeme, akafungua kasha, akaitoa kadi. Ilikuwa nyembamba, ukingo wake wa shaba umeshika vumbi jekundu. Akausugua kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, akaipachika kwenye tundu jingine, akafunga, akawasha. Herufi zikateremka kwenye kioo.

"Hii hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Inaonekana. Dakika mbili ishike mtandao."

Nje, nesi alishachoka kusubiri, akapanda gari. "Twende tu, Yordani. Mama yake kasema amechanjwa zote, nami siwezi kumchelewesha huyu mjamzito. Huyu wa taya tutamwangalia kesho."

Gari likawaka. Siamanta akakiangalia kioo, akaliangalia taya la mwanawe. Akamkumbatia mtoto, akatoka mbio, akasimama mbele ya gari.

"Nesi, hajachanjwa. Alipata zile za kuzaliwa tu. Kadi niliichoma mwenyewe."

Foleni nzima ya wagonjwa barazani ikasikia. Kuna mwanamke aliyeguna, mwingine akauliza, "Eti kaichoma?"

Paulina akashuka, akapenyeza kijiti cha kukagulia koo mdomoni mwa mtoto. Taya likakibana kijiti na kukivunja. Uso wa nesi ukabadilika. "Hivi tangu lini?"

"Jana."

"Panda."

Twaha akachungulia dirishani. "Nesi, mtandao umeshika. Jina lake lipo, ila chini yake kuna zile za kuzaliwa tu, mistari mingine mitupu."

"Tumeshajua," Paulina akajibu, akaufunga mlango wa gari.

Njia nzima mpaka Korogwe Paulina alimshughulikia mjamzito tu, na Siamanta alitamani atukanwe.

Daktari alipouliza habari ya chanjo, Siamanta alimjibu hata hajamaliza: "Hana." Daktari akaandika, akaagiza dawa. Basi. Kule kusemwa alikokukimbia miaka yote hiyo kulikwisha hapo.

Kisha wakawekwa chumba cha giza, maana mwanga na kelele vilimkakamaza mtoto. Mlango ukigongwa tu, mgongo unapinda kama upinde, na Siamanta hana ruhusa hata ya kulia kwa sauti. Daktari hakumwahidi kitu. Kila usiku Siamanta aliweka kiganja chini ya pua ya mwanawe kusikia pumzi.

Siku ya kumi na tatu taya liliachia kidogo. Lemayian akamlaumu mama yake kwa Kimaasai, maneno yakipenya kwa shida kati ya meno, kwamba amemleta mahali pasipo na jua.