Pasi Iliyokwenda Kumwona Mgonjwa

Kola alikuwa anapiga pasi mashati ya hoteli, kitabu amekiegemeza kwenye kopo la wanga, anasoma kwa sauti ili wenzake nao wasikie. Jina la Kola alibandikwa na wafuaji, kwa sababu kola ya shati ikipita mikononi mwake husimama yenyewe. Kitabu kilikutwa ndani ya koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Kilikuwa kinene, kimetafsiriwa, na humo waandishi wa nchi mbalimbali walisimulia dunia ambayo umeme haukuwahi kuvumbuliwa, na kila kitu, kuanzia saa za mkononi hadi meli za angani, kinaendeshwa kwa mvuke.

"Dunia isiyo na umeme?" alisema Mama Pacha, mfuaji, akikamua shuka. "Na sisi tuko wapi?"

Kweli, umeme wa pale ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyepapenda, ndiyo maana walitumia pasi za makaa. Lakini walimwambia Kola aendelee kusoma. Chumba kilijaa mvuke kutwa nzima, na mtu akifungiwa hupenda kusikia habari za wanaoruka.

Walifungiwa kweli. Kila asubuhi, wakishaingia, bosi aliweka kufuli kwa nje, akisema ni kwa usalama wa nguo za wateja. Alifungua mlango nguo ya mwisho ikishakunjwa, na nguo ya mwisho ilikunjwa daima baada ya hospitali kumaliza saa za kuona wagonjwa. Mama yake Kola alikuwa amelazwa huko, hali yake mbaya, na Kola hakuwa amemtia machoni tangu alazwe. Alipoomba ruhusa, bosi, ambaye si mtu wa kupandisha sauti, alimwambia avute subira, mzigo ukipungua watazungumza. Mzigo wa hoteli haujawahi kupungua.

Kurasa zilipozoeana na mvuke, vitu vikaanza kutoka kitabuni. Hadithi ya kwanza ilitoa ndege wa shaba, wakatua kwenye kamba na kuchafua mashuka kwa grisi, na Mama Pacha akawafukuza kwa ufagio. Hadithi iliyofuata ilitoa mwanamke wa bati mwenye makaa tumboni, naye wakamsogeza karibu na soksi zisizokauka. Bosi alichungulia kwenye nondo za dirisha, akasema mitambo isizibe njia.

Jioni moja Kola alisoma hadithi ya meli ya angani. Meli ikashuka juu ya paa, ikasogeza mabati kando, na mkaguzi wa abiria akateremka kwa ngazi ya kamba.

"Mnapita hospitalini?" Kola aliuliza. "Mama yangu yuko huko."

"Naam, bibie, tunapita," alijibu mkaguzi, kwa lugha ya watu waliotafsiriwa. "Tafadhali, pasi."

Alimaanisha hati ya kusafiria. Kola hajawahi kuwa na pasi nyingine ila ile aliyoishika, basi akampa hiyo hiyo. Mkaguzi aliigeuza, akaigonga muhuri ubavuni, akaipandisha melini. Kola akashika ngazi.

"Samahani, bibie. Iliyoruhusiwa ni pasi."

"Si ni yangu?"

"Ni yako. Ndiyo maana inakwenda."

Ngazi ikavutwa juu. Meli iliondoka ikirudisha mabati mahali pake, moja baada ya jingine. Bosi akapenyeza pasi nyingine dirishani, na Kola akaendelea na mashati. Alilia, na palipolowa akapiga pasi.

Asubuhi mdogo wake alikuja dirishani, macho mekundu.

"Dada, pasi yako ilikuja jana. Iliingia na wageni wengine, nesi akaipa kiti."

"Mama je?"

"Aliishika mpini. Akasema, mkono wa mwanangu bado una joto. Wakazungumza sana."

"Alisema nini?"

"Aliinong'oneza, dada. Mimi nilikaa upande wa pili, sikusikia kitu. Saa za wageni zilipokwisha ikaondoka na meli yake. Alfajiri Mama akatutoka."

Kola alisimama pale, ameshika nondo. Alitaka yale maneno kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na yalikuwa angani, ndani ya chuma.

Bosi alifika kumpa pole, na pole yake ilikuwa ya dhati. Akamwambia ashukuru, angalau marehemu alitembelewa. Akaongeza kwamba sasa suala la ruhusa limepata ufumbuzi, na yeyote mwenye mgonjwa asisite kusema.

Haikupita wiki Mama Pacha akasema. Mmoja wa watoto wake pacha alikuwa amelazwa kwa homa. Bosi alimkubalia hapo hapo, tena kwa tabasamu, akamwambia achague pasi. Kola akafungua kitabu kwenye hadithi ya meli, akaanza kusoma kwa sauti. Mama Pacha alizipima pasi mkononi, akaziacha zile nzito. Akachukua ndogo, ya kupigia mikono ya mashati, akapunguza makaa, kwa sababu mtoto bado mchanga.