Upande wa Chini wa Sabuni

Harufu ilimpokea Philomena kabla hajaufikia mlango. Haikuwa harufu ya mafuta yanayochemka; ilikuwa ya mzoga. Akaziba pua kwa ncha ya kitenge, akaingia.

Kiwanda hicho cha sabuni kilikuwa fahari ya kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa upande wa Nyansurura, na fahari ya kiwanda ilikuwa mkanda wake: ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa ikawa duara, ikavishwa magogo mawili na kuzungushwa kwa mpini wa chuma. Sabuni zilimwagwa juu yake ovyo ovyo, kila moja ikitazama kwake. Papi, ubao mwembamba uliopigiliwa kimshazari juu ya mkanda, ilizisukuma hadi zikanyooka na kufuatana kwa urefu. Iliyolalia mgongo wake wa mviringo iliyumba, ikateleza, ikaangukia kapuni ili irudishwe mwanzo. Iliyolalia upande wake bapa ilitulia, ikasafiri hadi sandukuni, chapa ya jembe ikitazama juu.

Kwa kuwa nyingine zilianguka na nyingine zikapita, wanawake wa zamu waliamini kwamba mkanda ulikuwa ukichagua. Zilizoanguka waliziita zilizofeli. Zilizofika sandukuni, zilizofaulu. Philomena, msimamizi wao, aliamini hivyo pia, mpaka asubuhi ile harufu ilipomlazimisha kuokota sabuni iliyofaulu na kuigeuza.

Upande wa chini, ule uliokuwa wazi wakati sabuni ikiganda katika kalibu, ulijaa manyoya ya ng'ombe na uzi wa utumbo, na mabuu meupe yaliyogandia humo. Akageuza ya pili. Hali ilikuwa ile ile.

Sanduku hilo lilikuwa la zahanati, la chumba cha wazazi. Binti yake Gati alikuwa amelala huko tangu jana kwa uchungu wa uzazi. Sabuni hiyo ndiyo ingemwosha, yeye na mtoto.

"Ndugu Nyangwine," alimwita meneja, "mafuta haya mmeyatoa wapi?"

Nyangwine alitokea, shati limenyooka kwa pasi, akacheka. "Mama Gati, umeanza lini kunusanusa kama mbwa? Ni mafuta ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa kuchinjwa?"

"Wale waliokufa kwa ugonjwa. Ulitaka tuwazike kwa jeneza? Tumeahidi sabuni wilayani, na sabuni zitatoka."

Wegesa, msichana mwenye maneno aliyekuwa akizungusha mpini, akadakia: "Lakini mama, mkanda umezipitisha!"

"Mkanda umezilaza chapa juu tu, uchafu chini. Njoo uone."

Wegesa akaja, akaona, akatoka mbio. Walimsikia akitapika ukutani.

"Chapa iko juu," Nyangwine alisema, sasa bila kicheko. "Nani atazigeuza?"

"Mkunga atazigeuza. Kisha atamsugulia mjukuu wangu kitovu."

"Gari linakuja. Ukiligusa sanduku hilo, jihesabu huna kazi hapa."

Philomena alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga gizani. Akaliinua sanduku kifuani, akatoka nalo hadi nyuma, kwenye shimo la choo. Nyangwine alimfuata, akashika pembe ya sanduku. Kamba iliyolifunga ikakatika, sabuni zikamwagika matopeni, chapa juu, chapa chini. Nyangwine akaanza kuziokota na kuzifuta kwenye suruali yake. Philomena akazitupa moja moja shimoni, na zile za mikononi mwake akamnyang'anya.

"Usirudi!" Nyangwine alipiga kelele.

"Nirudi kunusa nini?"

Alipofika zahanati, Gati alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mkunga alikuwa akilalamika kwamba sabuni haikuletwa, na kwamba itambidi atumie maji ya moto matupu.

"Matupu hayo hayo," Philomena alisema.

Gati akamnyooshea mtoto. Philomena akanusa viganja vyake, akarudi nyuma, akavificha mgongoni.

"Mlaze kwanza, mwanangu. Mkunga, nionyeshe jikoni kwenu. Nataka majivu ya kunawia."