Koo la Jiko

Mama hawezi kukaa penye moshi. Nilipokuwa darasa la tano kifua kilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, na daktari akamwambia aachane na moto wa kuni. Akaenda kukaa kwa dada yake huko Shirimatunda, mjini Moshi. Mimi nikabaki huku juu, chini kidogo ya msitu, na Bibi Elisifa na ng'ombe wake. Shule nikaiacha.

Wanawake wa bombani walikuwa na mzaha wao juu ya Mama: "Gladys kakimbia moshi, kahamia Moshi." Walicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nami nilitabasamu, nikajitwika ndoo, nikaondoka.

Kila Krismasi Mama alipanda nyumbani, kama watu wote wa huku wanavyopanda. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango ulioachwa wazi, mkoba mapajani, akala kiburu chake cha ndizi na maharage haraka, na kabla jua halijazama akashuka. Nyumba yetu ni ya mbao, chumba kimoja kikubwa, na nguzo za umeme zimeishia kanisani. Baridi ya huku hailaliki bila moto. Kwa hiyo ni moshi, au ni Mama. Nilitamani alale usiku mmoja tu, nimsikie akijigeuza kitandani.

Mwaka huu Mzee Elimringi, aliyekuwa mpagazi mlimani, alitupatia jiko la chuma, nasi tukampa mbuzi. Lilitoka kwenye kibanda cha watalii kilichovunjwa. Mbele lina mlango, juu lina tundu la kuchomeka bomba la moshi. Bomba lenyewe halikuwepo. Nikazungusha kamba ya mgomba kwenye tundu, nikafunga fundo pale ncha zilipokutana, nikashuka Himo kwa Basili, fundi bati.

Hakuitazama kamba. "Inchi nne, dada. Watu wote wanachukua inchi nne. Au wewe jiko lako la meli?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nilijua tundu ni pana kuliko hapo, lakini nikaitikia kwa kichwa. Akanitengenezea bomba hilo, pamoja na kipande kama faneli anachompa kila mteja, cha kuunganisha tundu lolote pana na bomba jembamba.

Tulipowasha, moto ulishika vizuri. Kisha nikafungua mlango wa jiko niongeze kuni, na moshi wote ukarudi ndani. Bibi alitoka nje akipangusa macho kwa khanga.

"Mdomo mpana, koo jembamba," alisema. "Kwa nini lisitapike? Bora mafiga yangu, hayajifanyi Mzungu."

Nilikaa nje naye mpaka hewa ikasafika. Niliona kigoda cha Mama pale mlangoni, nikajua Krismasi hii pia atakalia hicho hicho.

Siku ya soko nikarudi Himo, na bomba lote begani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ehe, limewaka?"

"Linarudisha moshi ndani."

"Kuni mbichi hizo."

"Si kuni." Masikio yalikuwa yananiwaka. "Bomba halilingani na jiko. Pima na hii kamba."

"Kumbe anaongea!" mmoja wa benchini akasema.

Basili akaizungusha kamba kwenye bomba la inchi nne. Ikalegea, ikaning'inia. Akaizungusha kwenye la inchi sita, fundo likakaa mahali pake.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hukuniuliza. Ulinitania."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Akachukua nyundo. "Basi koo lilingane na mdomo, toka chini mpaka juu. Na lipite kimo cha paa, upepo usilisukume. Penye mbao weka bati, msije mkaungua."

Mkesha wa Krismasi Mama alipanda kwa bodaboda, akamwambia dereva amsubiri barabarani. Alipoingia kihambani, kwenye migomba yetu, alisimama, akatazama juu ya paa.

"Mmewasha moto?"

"Tumewasha, Mama. Lakini moshi unatokea kule juu."

Akaingia ndani. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, dawa yake ya kuvuta mkononi. Bibi akafungua jiko, akaongeza kuni, akafunga. Sote watatu tulilitazama lile jiko kama mgonjwa. Chai ikachemka. Mama akanywa kikombe, akaongezewa kingine. Mkoba ukawa chini sakafuni, sikuona aliuweka saa ngapi.

Dereva akapiga honi kule barabarani.

"Eunike."

"Abee, Mama."

"Kamwambie aende. Na ukitoka uegeshe mlango, baridi inaingia."

Nilikimbia katikati ya migomba, nikamwambia kwa sauti kubwa mpaka akashtuka. Nilipopanda tena giza lilikuwa linaingia, na moshi ulikuwa ukipanda wima juu ya paa. Nikafika mlangoni, mkono kwenye komeo. Ndani Mama alikuwa anamcheka Bibi kwa kitu fulani. Nikasimama kwanza hapo nje, nikimsikiliza.