Nyuzi za Kumlilia Adoyo

Adoyo alizikwa kwao ziwani kabla habari haijamfikia mumewe, Okeyo, aliyekuwa seremala kwenye shamba la chai huko Kericho. Okeyo hakuwa na nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ya kumwombolezea mkewe. Alikuwa na mandolini kuukuu tu, aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao.

Mandolini ile ilikuwa na nyuzi nane kama nyatiti, ila zilipangwa mbilimbili. Okeyo akachonga kijiti kipya cha kuinulia nyuzi, akakitia mikato minane, kila uzi ukakaa peke yake. Jumapili, mvua ikinyesha, akaketi mlangoni akaanza kuimba kwa Kijaluo. Sauti ilitoka nyembamba mno, wala haikufanana na ya nyumbani.

Nyamweya, jirani yake Mkisii, akaja kusikiliza.

"Unaimba nini, ndugu yangu?"

"Namlilia mama watoto. Ningekuwa nyumbani, watu wangeniitikia."

"Mimi Kijaluo sikijui."

"Najua."

Nyamweya akaketi kando yake. "Basi nifundishe jina lake tu. Ukilifikia, nitaitikia."

"Adoyo."

Nyamweya akalitamka kwa lafudhi ya kwao. Okeyo akafuta macho, akaanza wimbo upya.