Pikipiki ya Kiti Kimoja

Tarishi alipoacha kuona, pikipiki yake iliingizwa ndani, ikasimamishwa nyuma ya cherehani ya mkewe na kufunikwa shuka kuukuu. Ikawa kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Presha ya macho haikumvamia kwa ghafla. Ilimnyang'anya kwanza vitu vya pembeni, halafu maandishi, halafu nyuso za watu, mpaka akabakiwa na mwanga na vivuli tu. Kampuni aliyoipelekea barua na vifurushi tangu ujana wake ilimpa mkono wa kwaheri, naye akarudi nyumbani kushika tama.

Mkewe alishona viti vya magari, na mtaa mzima ulimwita Mama Viti. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Mabunda ya ngozi bandia yaliegemezwa ukutani, vipande vya sponji vilijaa chini ya meza, na harufu ya gundi ilikuwa imezoeleka hata wenye nyumba hawakuisikia tena. Asubuhi moja, akivuta bunda la ngozi, alijigonga goti kwenye pikipiki ile.

"Hii kitu namwita mtu wa vyuma chakavu aje aibebe," alisema huku akijisugua. "Au wewe unaonaje?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Tarishi, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, alitabasamu.

"Naona giza, mke wangu. Mwite tu. Ila roho yangu ingetulia kama ningeivua makorokoro yake hata mara moja."

"Makorokoro gani?"

Ndipo akamsimulia. Zamani, kabla hawajajuana, kinyozi wake alikuwa amebandika ukutani picha ya pikipiki iliyoinama kama paka anayenyemelea. Usukani wake ulikuwa chini, kiti kifupi cha mtu mmoja chenye nundu nyuma, na kila kisichokuwa cha lazima kimeondolewa. Kinyozi alisema pikipiki za namna hiyo huitwa kafe resa. Tarishi alinunua yake akiwa na nia ya kuigeuza iwe vile, ila akajiambia itakuwa mwakani. Kazi ikadai keria ya kubebea mizigo, watoto nao wakadai pa kukaa, na mwakani ikawa haifiki.

Mama Viti alimsikiliza mkasi ukiwa mkononi. Miaka yote ile ya ndoa, na jambo hilo alikuwa halijui.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Ungeniona nimechanganyikiwa."

Alirudi kwenye cherehani, lakini siku hiyo alishona mshono mmoja ukaenda upogo, akaufumua, akaushona upya, ukaenda upogo tena. Wakati wa kula, akasema bila kuinua uso, "Hiyo nundu yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Tarishi akaweka kijiko chini, akamwonyesha kwa viganja.

Walimwita Cheche, mchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara na rafiki wa Tarishi wa kutaniana. Cheche aliizunguka pikipiki, akaguna, akasema kutu ikiondolewa huenda pasibaki kitu. Lakini kesho yake alikuja na vifaa vyake. Tarishi alikaa kwenye mkeka, akaifungua injini kwa vidole, kipande baada ya kipande, na kila kundi la nati akalitia kwenye kikombe chake. Haikupita muda nyumba ikaishiwa vikombe, Mama Viti akawa anakunywa chai kwenye bakuli na kulalamika kwa sauti ya mtu asiyeumia sana. Kilichohitaji macho alikifanya yeye. Alichungulia matundu ya kabureta, akasoma namba za vipuri, akalisugua tangi kwa msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Kilichohitaji masikio na mikono alimwachia mumewe.

Binti yao, ambaye alikuwa mwalimu, alikuja kuwasalimu akakuta baba yake amejaa grisi mpaka masikioni. Akaweka mkoba wake chini.

"Shikamooni. Baba haoni. Mama hajui kuendesha. Naomba mnieleweshe tu, hii pikipiki mnamtengenezea nani?"

Wazazi waliinamia vikombe vya nati kama watoto waliofumaniwa.

"Tunaitengeneza kwanza," Tarishi akasema. "Wa kuipanda tutamtafuta."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Ila alipokuwa akiaga alimvutia mama yake pembeni, akamnong'oneza kwamba hajamsikia baba akiongea vile tangu macho yalipoanza kumsumbua.

Siku ya kukata fremu ndipo kazi ilipotaka kukwama. Cheche alikuwa ameshawasha mashine ya kukatia vyuma. Tarishi akainua mkono, mashine ikazimwa. Alipapasa keria, kisha sehemu ya nyuma ya kiti kirefu.

"Nini tena?" Cheche akauliza.

"Hapa ndipo alipokaa shemeji yako. Siku ya kujifungua nilimpeleka hospitali akiwa hapa. Tukishakata, hana tena mahali."

Mama Viti alisimama na kanda yake ya kupimia shingoni. Alikuwa amedhani mumewe anaiomboleza barabara. Kumbe katika giza lake lote alikuwa anawaza atamkalisha wapi yeye.

"Mimi nimekaa hapo mpaka kiuno kinalijua kila shimo la mji huu," alisema. "Nimeshakaa vya kutosha, baba. Sidai. Shemeji, kata."

Cheche akakata.

Kiti kipya alikishona Mama Viti mwenyewe. Tarishi aliipapasa sponji na kutoa amri: nundu ipunguzwe, mbele pabanwe, hapana, umezidisha. Waligombana juu ya nundu ile kwa raha ambayo hawakuwa nayo siku nyingi. Tangi likapigwa rangi ya kijani cha chupa, rangi ambayo Tarishi alisema bado anaikumbuka vizuri.

Injini ilikataa, ikakohoa, ikakataa tena, kisha ikashika. Cheche aliipeleka hadi mwisho wa barabara na kurudi, Tarishi amesimama mlangoni, kichwa kimeinamia upande sauti ilikokwenda. Iliporudi akaipanda. Akainama, akaufikia usukani ule wa chini, akabaki hivyo hivyo, injini ikinguruma chini yake, na hakuna aliyemharakisha. Aliposhuka akamgeukia mkewe.

"Sasa wewe."

"Mimi? Umri huu? Mtaa mzima utanicheka."

"Mimi sitawaona."

Cheche alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Viti hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kiti, na roho ilimdunda kama ya msichana.

Sasa kila Jumamosi alasiri, ghala la jirani linapofungwa, Mama Viti huisukuma pikipiki mpaka kwenye uwanja wake mtupu. Mwanzoni ilimzimikia kila alipoachia klachi, akashuka akisema basi, imetosha, na kila mara akapanda tena. Tarishi hukaa kwenye kizingiti cha ghala na kumfundisha kwa masikio.

Jumamosi iliyopita binti alikuja kuungana nao.

"Injini inalia hiyo, tia gia ya pili," Tarishi alimwambia mkewe alipopita mbele yao. Halafu akamuuliza binti, "Amekaaje?"

"Kama mtu anayegombana na ng'ombe."

"Ameinama?"

Binti akaangalia vizuri. Mama yake alikuwa anakata kona ya mbali, gauni limefungwa fundo magotini.

"Ameinama, baba. Ameinama kabisa."

Gia ikaingia, na mlio ukalainika. Binti alitaka kusema jambo jingine. Tarishi akamwomba kwa mkono anyamaze kidogo, asikilize.