Kabari Mbili za Gitaa

Ting!

Kitu kidogo cha chuma kilianguka sakafuni, kikaruka, kikabingirika, kikanyamaza. Bibi alifumbua macho. Kulikuwa bado giza totoro, ila ufa wa mwanga ulionekana chini ya mlango wa chumba cha pili.

"Mke mwenzangu," aliita akiwa kitandani, "umevunja nini?"

"Sijavunja, Bibi. Kimenikimbia tu."

Bibi alijitanda shuka akaenda kutazama. Mjukuu wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla hajajua kutembea, alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa ameifunika tochi kwa soksi ili mwanga usimwamshe bibi yake. Bibi aliiona ile soksi, na moyo wake ukalainika hata kabla hajauliza chochote.

Gitaa la umeme lilikuwa limelala kifudifudi juu ya mto. Kifuniko cha mgongoni kilikuwa kimefunguliwa, na ndani ya shimo zilionekana springi mbili. Ya tatu haikuwapo.

"Leo ndiyo leo, na wewe unalipasua tumbo?"

"Ndiyo maana nalipasua, Bibi! Nikienda nalo hivi, nimekwisha."

Bibi alilijua jambo lenyewe, maana wiki nzima hapakuwa na wimbo mwingine nyumbani. Kwenye gitaa hilo, daraja, yaani kile kibati kinachoshika nyuzi, halikutulia. Lilielea, huku likivutwa na nyuzi mbele na springi nyuma. Waliolitengeneza walitaka hivyo, ili mpigaji akibonyeza kijiti cha chuma sauti iyumbe kama mtu anayelia. Lakini Chiriku alikuwa amekichomoa kijiti hicho zamani. Alipenda kuuvuta uzi kwa kidole mpaka sauti yake ipande. Tabu ni kwamba kila alipouvuta mmoja, daraja liliinuka, na nyuzi nyingine zote zikashuka sauti.

Kiongozi wa bendi, mwanamke wa maneno machache waliyemwita Mama Besi, alimsikiliza wiki iliyopita akatikisa kichwa. "Vidole vyako navitaka," alimwambia. "Gitaa lako silitaki. Lilete Jumamosi likiwa limetulia, la sivyo nafasi nitampa mwingine."

Na Jumamosi ndiyo hiyo ilikuwa imefika.

"Kwanza tuitafute springi," alisema Bibi. Alichukua sumaku yake ya kuokotea pini, ile aliyoitumia pembeni mwa cherehani, akaipitisha chini ya kitanda. Ikatoka na pini saba, sindano iliyopotea tangu masika, na springi.

"Bibi, wewe ni mchawi!"

"Mchawi ni vumbi lako. Huku chini hujafagia tangu uzaliwe."

Chiriku aliirudisha springi mahali pake, akakaza nyuzi mpaka zikasema sawasawa. Kisha akamwonyesha Bibi ndani ya shimo. Chini ya daraja kulikuwa na bonge la chuma, na mtu akiuvuta uzi, bonge lile lilicheza huku na huku.

Bibi aliinama akalitazama. "Mlango ukipigapiga kwa upepo, tunafanyaje?"

"Tunauwekea kabari."

"Basi."

Chiriku alimkodolea macho, kisha akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. "Bibi! Nimewahi kusikia watu wanafanya hivyo! Mti huku, mti huku, bonge katikati! Halitikisiki tena!"

"Punguza sauti, majirani wamelala. Lete futi."

Bibi alipima nafasi ya mbele ya bonge, akapima ya nyuma, akaziweka alama mbili kwenye ukanda wa karatasi. Kulipoanza tu kupambazuka, walikuwa njiani kwenda kwa fundi seremala, gitaa limefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga.

Seremala alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Bibi. Alilala chumba cha nyuma ya karakana, peke yake tangu mkewe afariki na wanawe wahamie mbali. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na miaka ya mashine za kupasulia mbao. Walipiga mlango kwa ngumi mpaka akafungua, suruali imefungwa kwa kamba.

"Shemeji! Kafa nani?"

"Hajafa mtu!" Bibi alipaza sauti. "Tunataka vijiti viwili vya mti mgumu!"

"Sema kwa nguvu! Masikio yangu yalistaafu kabla yangu!"

Chiriku alimwonyesha kwa mikono. Aliuvuta uzi, akakiweka kidole cha mzee juu ya bonge ili alisikie likicheza. Mzee akaelewa mara moja.

"Kumbe hili jino linalegea!" alisema. "Na nyinyi mnataka nilikaze badala ya kuling'oa."

"Ndiyo, babu! Likaze kabisa, lisicheze hata siku ya kiama!"

Seremala alicheka. Kabla ya kugusa kitu, alipuliza unga wa mbao kwenye kigoda akamkalisha Bibi, kisha akatandika shati lake juu ya meza ili gitaa lisichubuke. Alichagua mguu wa kiti kilichovunjika, mti mkavu mzito kama jiwe, akatazama alama za Bibi na kuanza kukata. Msumeno uliimba. Chiriku alizunguka meza kama kuku anayetaka kutaga.

Kabari ya kwanza ilikuwa tayari. Seremala aliichomeka upande wa springi, ikakataa. Akaigonga kidogo kwa nyundo ya mti, ikaingia nusu. Chiriku akaligeuza gitaa, akapiga yowe.

Daraja lilikuwa limeinua mkia juu kama ng'e. Nyuzi zimepanda hewani, zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Limeharibika! Bibi, limeharibika!"

"Nani alipima?" aliuliza seremala.

"Mimi," alisema Bibi. "Nilipima vizuri sana. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya mshono."

Chiriku aligeuka polepole. "Mshono gani, Bibi?"

Bibi aliutazama mkono wake. Maisha yake yote alikuwa akipima viuno na mabega, na hakuna mshonaji anayekata nguo palepale penye kipimo. Mkono wake ulikuwa umeongeza wenyewe bila kumwuliza.

"Na wewe, babu," Chiriku alipaza sauti, "ulikata kwenye alama?"

Seremala alikuna kichwa. "Mimi? Aa, mimi niliacha kidogo cha kupigia randa. Mti ukizidi unapunguzwa. Ukipungua, utauvuta kama chapati?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, seremala naye akadakia bila kujua vizuri anachocheka, na Chiriku, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta anacheka na kamasi zikimtoka.

"Mmelivalisha gitaa langu koti la mtu mnene!"

"Basi tulibane kiuno," alisema Bibi. "Lete msasa."

Hapo ndipo kazi ilipopamba moto. Seremala alipiga randa mara moja, akampa Bibi; Bibi akasugua kwa msasa juu ya goti lake, mkono mwepesi kama anayetoa vumbi kwenye hariri; Chiriku akajaribu. Bado. Wakarudia. Bado kidogo. Wakarudia tena, mpaka kabari ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na daraja halikusogea. Ya upande wa pili nayo ikapita njia ileile. Kisha Chiriku akakaza skrubu za springi kwa bisibisi na kuzipa nyuzi sauti upya.

Aliuvuta uzi mmoja mpaka mwisho huku akiupiga mwingine.

Ule mwingine haukushuka.

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Haukushuka! Alimrukia Bibi shingoni, kisha akamrukia seremala, ambaye nyundo ilimtoka mkononi.

"Limetulia? Nami nisikie," alisema mzee. Akainama, akaegemeza taya lake kwenye ukingo wa gitaa, akafumba macho. Chiriku alipiga uzi mnene, taratibu. Uso wa mzee ulikunjuka. Alimwashiria apige tena, na tena. Bibi aliona saa imekwenda, lakini hakuwakatiza.

Mwisho alisema tu, "Fundi, vaa shati lako. Twende sote."

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa mtaa wa tatu, chumba chenye viti vya plastiki na spika mbili kubwa za mbao. Mama Besi alimwona Bibi mlangoni, akainuka kutoka kwenye kiti chake mwenyewe akampisha. Kwa Chiriku alinyoosha kidole tu: anza.

Chiriku alianza. Ngoma zikaingia, besi ikaingia, na lile gitaa likapanda juu yao likicheka. Seremala alikuwa amekwenda moja kwa moja kuikumbatia spika, kifua kizima, na mguu wake ulikuwa unapiga sakafu sawasawa na ngoma.

Kisha, katikati ya wimbo, paa! Uzi mmoja ulikatika.

Bibi alishika kingo za kiti. Alijua, kwa kuwa aliambiwa wiki nzima, kwamba zamani uzi ukikatika springi zililivuta daraja, na nyuzi zilizobaki zilikwenda kombo zote pamoja. Mama Besi alikuwa ameshanyanyua mkono kusimamisha.

Lakini nyuzi tano zilibaki palepale. Chiriku hakutazama hata chini. Aliuruka ule uliokatika, akahamishia wimbo kwenye uzi wa jirani, akauvuta mpaka ukalia kwa furaha. Mkono wa Mama Besi ukashuka, ukarudi kwenye besi.

Walipomaliza, Mama Besi alikwenda akaligeuza gitaa na kuchungulia mgongoni.

"Nani kafanya hii?"

"Bibi yangu na babu yangu," alipaza sauti Chiriku, akihema na kuwaonyesha kwa kidole.

"Mazoezi ni Jumanne. Usichelewe."

Njiani kurudi Chiriku alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yao, anaongea, anapaza sauti, anaanza upya. Walipofika karakana, seremala alifungua mlango lakini hakuingia. Maranda ya kabari bado yalikuwa yametapakaa mezani.

"Yule mtoto kaniita babu mbele za watu," alimwambia Bibi.

"Nimesikia, shemeji."

Mzee alifuta mikono yake iliyokuwa safi. "Jumanne, baada ya hayo mazoezi," alisema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia, hata wapita njia wakageuka, "mtanipitia tena? Hata kama hakuna cha kutengeneza?"